MGENI WA NYIKA AIGAYE NYIMBO ZA WENYEJI

Kila mwaka, mvua za vuli zinapoanza kunyesha katika nyika ya Kenya, msafara mkubwa hupita usiku juu ya vichwa vya watu, na wengi wetu hatuuoni wala hatuusikii. Ni msafara wa ndege wadogo walao wadudu, watokao Ulaya na Asia kuikimbia baridi. Huruka gizani, na kukipambazuka hushuka katika vichaka vya miiba vya Tsavo, vya Ukambani na vya nchi ya chini ya Taita, wakapumzika na kutafuta chakula. Miongoni mwao yumo mmoja ambaye habari zake ni za ajabu kuliko za wenziwe, naye ndiye tutakayemweleza wasomaji wetu leo.

Jina lake la kitaalamu ni Acrocephalus palustris. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake ni "wa kinamasi", kwa kuwa huko Ulaya hujenga kiota chake katika majani marefu yaotayo kando ya mito na penye unyevu. Katika makala hii tutamwita Mwigaji, kwa sababu ya tabia yake moja kubwa ambayo tutaifikia mbele.

Watu wengi huidhani nyika kuwa ni nchi tupu: ardhi ngumu, jua kali, miiba, na vumbi. Mtu husafiri kutoka Mombasa hadi Nairobi, akatazama nje kati ya Voi na Kibwezi, akasema moyoni kwamba hapa hapana kitu ila kuni. Habari za ndege huyu zatuonyesha kwamba sivyo. Nyika hiyo hiyo ni ghala ya chakula ambayo mamilioni ya viumbe huitegemea kwa majuma machache ya kila mwaka, na pasipo ghala hiyo safari yao haikamiliki.

SURA YAKE

Mwigaji ni ndege mdogo sana. Urefu wake, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, ni sentimita 13 hivi. Asipokuwa na mafuta mwilini, uzito wake ni gramu 11 au 12, yaani kama uzito wa barua nyepesi pamoja na bahasha yake. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo iliyochanganyika na kijani kidogo; kifua na tumbo ni vyeupe vyenye umanjano hafifu. Dume na jike hufanana. Hana shungi, hana mkia mrefu, wala hana unyoya hata mmoja wa kung'aa. Mtu aweza kupita hatua tatu kutoka mahali alipo ndege huyu asitambue kwamba amepita karibu na kitu chenye uhai.

Hapa yafaa tuonye jambo moja. Mkulima wa mtama, uwele au mawele anayo haki kabisa ya kuwachukia kwelea. Hao huja kwa makundi makubwa kama wingu, na kila mmoja aweza kula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku moja. Lakini si kila ndege mdogo wa rangi ya udongo ni kwelea. Tazama mdomo wake. Mdomo wa kwelea ni mnene na mfupi, umefanywa kwa kuvunja mbegu. Mdomo wa Mwigaji ni mwembamba na wenye ncha kali kama sindano ya kushonea, umefanywa kwa kuchopoa wadudu katika majani. Mdomo wa namna hiyo hauwezi kula mtama wako, hata kama ndege mwenyewe angekaa juu ya suke kutwa nzima.

Chakula chake ni viwavi, nzi, mbu, vidukari, panzi wachanga, mbawakawa wadogo na buibui. Mara chache hula pia matunda madogo ya porini. Hawafuati wadudu angani kama afanyavyo mbayuwayu. Huingia ndani ya kichaka, akapanda tawi kwa tawi, akatazama chini ya kila jani. Ni kazi ya uvumilivu, na huifanya toka alfajiri mpaka jua likali, kisha tena jioni.

SAFARI YAKE

Ili tuelewe kwa nini nyika ina maana kubwa kwa ndege huyu, hatuna budi kumfuata mwaka mzima.

Mwezi wa Mei unapokwisha na Juni inapoingia, Mwigaji hufika Ulaya. Yeye ni miongoni mwa ndege wa mwisho kufika huko katika wale wote waendao kukaa kiangazi. Hujenga katika nchi nyingi, kutoka Ufaransa na Ubelgiji upande wa magharibi, mpaka ndani kabisa ya Urusi. Kiota chake hukitundika baina ya mabua ya majani marefu, kikafungwa kwa vipini kama vile vya kikapu. Jike hutaga mayai 4 au 5. Yakiisha kuanguliwa, makinda hutoka kiotani baada ya siku 10 au 11 tu, hata kabla hawajaweza kuruka vizuri. Haraka hii ina sababu: kiangazi cha Ulaya ni kifupi, na safari ni ndefu.

Mwezi wa Julai unapokwisha, na katika mwezi wa Agosti, wakubwa huanza kuondoka, na watoto hufuata. Hupita Mashariki ya Kati na Bara Arabu, wakavuka Bahari ya Shamu, wakaingia Sudan, Eritrea na Ethiopia. Huko hukawia majuma mengi. Hawaendelei kusini mara moja, kwa sababu katika miezi ya Agosti na Septemba nyika ya Kenya bado ni kavu, miti imepukutika majani, na wadudu ni wachache. Wakati huo mvua ziko Ethiopia, na ndege hukaa mahali ambapo mvua zimeleta majani mabichi.

Kisha, mwezi wa Novemba na Desemba, mvua zinapoteremka kuja kwetu, Mwigaji naye huteremka pamoja nazo. Hukaa hapa kitambo, akala na kunenepa, halafu huendelea kupitia Tanzania mpaka Malawi, Zambia, Zimbabwe, Msumbiji na sehemu za mashariki za Afrika Kusini. Huko hukaa mpaka mwezi wa Machi au Aprili, kisha hurudi kaskazini, akapita Kenya tena wakati wa mvua za masika, lakini mara hii kwa haraka zaidi. Safari ya kwenda peke yake yaweza kuwa kilomita 8,000 mpaka 10,000.

Msomaji akihesabu miezi ataona jambo la kushangaza. Ndege huyu, ambaye vitabu vingi humwita ndege wa Ulaya, hukaa Ulaya miezi miwili au mitatu tu kwa mwaka. Sehemu kubwa ya maisha yake huishi Afrika, au njiani kuja Afrika. Ni vigumu kusema kwamba ni wao kuliko kuwa ni wetu.

Tena, husafiri usiku. Sababu ni nyepesi kueleza. Usiku hewa ni baridi, kwa hiyo ndege anayepiga mabawa saa nyingi hapotezi maji mengi mwilini. Mwewe na kozi wamelala. Na zaidi ya yote, mchana hubaki huru kwa kula. Ndege wa safari huongozwa na nyota, na pia huweza kuhisi nguvu ile ile ya dunia ielekezayo sindano ya dira upande wa kaskazini. Hakuna mzazi amwongozaye kinda. Ndege aliyezaliwa Juni katika bonde la Ujerumani hufika Tsavo mwezi wa Novemba pasipo mtu wala ndege kumshika mkono.

GHALA YA MAJUMA MACHACHE

Nyika ya Afrika Mashariki ni ukanda mrefu wa nchi kame, uanzao Somalia na kusini mwa Ethiopia, ukapita mashariki ya Kenya, ukafika Mkomazi katika Tanzania. Miti yake mikubwa ni migunga ya namna nyingi na miti ya jamii ya manemane, ile yenye gome linalobanduka kama karatasi na utomvu wenye harufu. Mibuyu husimama hapa na pale. Chini yake ni vichaka vilivyosongamana hata mtu hawezi kupita asipokuwa na panga.

Katika kiangazi miti hii huonekana kama imekufa. Haikufa, imefunga milango yake ili isipoteze maji. Mvua ya kwanza ikinyesha, katika siku chache tu machipukizi hutokeza, na nchi iliyokuwa ya kijivu huwa kijani. Majani hayo machanga ni laini, hayajawa na ugumu wa kujilinda, kwa hiyo viwavi huyala kwa wingi. Mayai ya wadudu yaliyokuwa yamelala katika udongo na magome huanguliwa yote kwa pamoja. Kumbikumbi hutoka ardhini. Kila mtu aliyekulia Ukambani au Utaita aujua wakati huo, na watoto waujua zaidi.

Basi, ndege hufika wakati huo huo. Aliyevuka nchi kavu na bahari amepungua, misuli imechoka, na mafuta aliyokuja nayo yamekwisha. Mafuta ndiyo petroli ya ndege. Hawezi kuruka usiku kucha kwa chakula cha jana. Lazima awe amekiweka akiba chini ya ngozi. Ndege mdogo wa safari, akipata chakula kingi, aweza kuongeza nusu ya uzito wake, na wengine hata zaidi, katika majuma machache. Mtu akimshika mkononi na kupuliza manyoya ya kifua, ataweza kuyaona mafuta hayo, ya rangi ya manjano, chini ya ngozi nyembamba.

Mvua zikichelewa, au zikikosa, ghala huwa tupu. Vivyo hivyo kichaka kikiwa kimefyekwa. Ndege hawezi kujua mapema, kwa sababu aliondoka Ulaya miezi mitatu iliyopita. Hufika akakuta aliyoyakuta.

TAA ZA NGULIA

Mambo mengi tunayoyajua juu ya msafara huu tumeyapata mahali pamoja, katika Mbuga ya Taifa ya Tsavo Magharibi, penye vilima vya Ngulia. Mwaka 1969 hoteli ya watalii ilifunguliwa huko, juu ya ukingo wa mwinuko unaotazama nchi ya chini. Mbele ya hoteli ziliwekwa taa kali ili wageni waweze kuwaona wanyama waendao kunywa maji usiku.

Upesi ilionekana kwamba, katika usiku usio na mwezi wa Novemba na Desemba, ukungu unapoufunika mwinuko, ndege wadogo huzizunguka taa zile kwa mamia na maelfu. Sababu ni hii: ndege arukaye ndani ya ukungu amepoteza dalili za njia. Nyota hazionekani, ardhi haionekani. Taa hung'aa ndani ya ukungu kama mwezi ulioanguka, naye huivutiwa, akazungukazunguka asiweze kuiacha, mpaka hushuka katika vichaka vya karibu kungojea mapambazuko.

Wataalamu wa ndege wakaona kwamba hii ni nafasi isiyopatikana mahali pengine. Tangu mwaka 1969, wakiongozwa na Bwana Graeme Backhurst na Bwana David Pearson, walianza kuwashika ndege hao na kuwavisha pete. Kazi yenyewe huendeshwa kwa utaratibu. Nyavu nyembamba sana hutandazwa baina ya milingoti. Ndege hunaswa bila kuumia, hutolewa kwa vidole vya mtu aliyefunzwa, hutiwa katika mfuko wa kitambaa, kisha hupelekwa mezani. Hapo huvishwa mguuni pete nyepesi ya madini yenye namba yake mwenyewe. Bawa lake hupimwa, uzito wake huandikwa, kisha huachiliwa aende zake.

Kazi hiyo imeendelea mwaka baada ya mwaka, na ndege waliovishwa pete hapo ni mamia ya maelfu. Kati ya ndege wote wa safari wanaonaswa Ngulia, Mwigaji ndiye mmoja wa walio wengi kabisa. Baadhi ya ndege wenye pete za Kenya wameonekana tena Ulaya, Urusi na katika nchi za Waarabu. Na wengine waliovishwa pete Ulaya wamenaswa Ngulia. Kwa njia hii njia yao imechorwa katika ramani, si kwa kubahatisha, bali kwa namba zilizosomwa katika miguu ya ndege wenyewe.

NYIMBO ALIZOBEBA

Sasa tumefikia tabia ile iliyompatia jina lake katika makala hii.

Ndege wengi waimbao hujifunza wimbo kutoka kwa baba zao au majirani wa kabila lao, kama mtoto ajifunzavyo lugha ya mama. Mwigaji hana bahati hiyo. Dume huimba sana anapotafuta jike na kulinda mahali pake, lakini makinda wanapokua yeye amekwisha kunyamaza. Kinda hutoka kiotani akiwa hana mwalimu. Basi afanyaje? Hujifunza kwa kila ndege amsikiaye. Kwanza huwasikiliza majirani wa kule alikozaliwa. Kisha huingia safarini, na kila atuapo husikiliza: Ethiopia, nyika ya Kenya, na mbele zaidi. Yote ayasikiayo katika mwaka wake wa kwanza huyaweka moyoni.

Mtaalamu mmoja kutoka Ubelgiji, Bibi Françoise Dowsett-Lemaire, ambaye alizijua vizuri sauti za ndege wa Afrika na wa Ulaya pia, alizichunguza nyimbo za ndege hawa huko Ubelgiji. Aliyoyaona aliyachapisha mwaka 1979. Alitambua kwamba dume mmoja, kwa wastani, huiga sauti za aina 76 za ndege wengine. Katika hizo, 45 ni za ndege wa Afrika, na 31 tu ni za ndege wa Ulaya. Alipozijumlisha sauti zote za madume aliowachunguza, alipata aina 212: za Ulaya 99, na za Afrika 113.

Hebu msomaji azingatie maana ya hesabu hiyo. Mtu wa Ubelgiji, asiyepata kuiona Afrika, husimama kando ya mto asubuhi ya Juni, akamsikia ndege mdogo akiimba katika majani. Zaidi ya nusu ya sauti anazozisikia ni za ndege wa Afrika, na nyingi katika hizo ni za ndege wa upande wetu huu wa mashariki. Wenyeji wa nyika yetu, ambao wenyewe hawajapata kuondoka hapa, wanasikika kilomita 6,000 mbali, kwa kinywa cha mgeni aliyelala kwao majuma machache.

Na nyimbo hizo zimekuwa ushahidi. Miongoni mwa sauti zilizotambuliwa imo ya ndege mmoja mdogo wa majani, Cisticola bodessa, ambaye makao yake hasa ni nyanda za juu za Ethiopia na sehemu za kaskazini za Kenya. Ndege aigaye sauti hiyo hakuisikia penginepo. Ni kama msafiri arudiye nyumbani akisema maneno machache ya Kiborana: hata kama hakusema alikokwenda, watu watajua.

FAIDA NA HATARI

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni huyu huja na kazi yake. Hufika wakati mkulima wa Kitui au Makueni amekwisha kupanda kunde, mbaazi na mahindi, na viwavi na vidukari wanaanza kuyashambulia majani machanga. Hatusemi kwamba ndege peke yao watamaliza wadudu wote wa shamba. Hilo lingekuwa kutia chumvi. Lakini kila mmoja wa hao wageni, pamoja na ndege wenyeji walao wadudu, hula kutwa nzima, siku baada ya siku, wala hadai mshahara. Kichaka kilichoachwa mpakani mwa shamba ni makao ya vibarua hao.

Mwigaji si ndege adimu. Bado yuko kwa mamilioni, nasi hatusemi haya kwa kuwa yu karibu kuangamia. Twayasema kwa sababu wingi wake watutia usingizi, ilhali hatari zenyewe zinaonekana kwa macho.

Ya kwanza ni kufyeka nyika kwa ajili ya makaa. Twajua kwamba wachomao makaa, wengi wao, hufanya hivyo kwa kukosa riziki nyingine, hasa mvua zikikosa. Na mijini watu wanahitaji kupika. Lakini mti wa nyika hukua polepole sana, na gunia lijazwalo kwa siku chache lilichukua miaka mingi kukua. Mahali palipong'olewa visiki, udongo huoshwa na mvua, wala kichaka hakirudi upesi. Mahali palipokatwa matawi na kuachwa shina, mti huchipuka tena. Nyika ina uwezo wa kupona ikipewa nafasi. Tsavo yenyewe ni mfano: katika miaka ya 1960 ndovu waliivunja miti mingi hata sehemu kubwa zikawa majani matupu, kisha, baada ya ukame wa 1970 na 1971 kuua maelfu ya ndovu, na majangili kuwapunguza tena, vichaka vilirejea.

Ya pili ni dawa za sumu. Mkulima anyunyizaye dawa kupita kiasi huwaua wadudu, na ndege alaye wadudu hao hudhurika naye. Vilevile, dawa inyunyizwayo usiku mahali walalapo kwelea haiulizi nani ni kwelea na nani ni mgeni. Ndege walao wadudu wakilala katika matete hayo hayo, hufa pamoja nao.

Ya tatu ni manati na ulimbo. Kijana aweza kusema kwamba ndege mmoja si kitu. Lakini nyama ya Mwigaji haishibishi hata paka, na kijana huyo amemwangusha kiumbe aliyesafiri kutoka Ulaya bila dira, kwa faida isiyo na maana.

Ya nne ni taa kali ziwakazo usiku kucha. Ngulia ndege huvutwa na taa, lakini hapo kuna watu wawatazamao. Penginepo hugonga kuta na milingoti wakafa, wala hapana ajuaye.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu mambo haya, ambayo si magumu wala hayana gharama:

1. Anayefungua shamba katika nchi ya nyika na aache ukanda wa vichaka mipakani na kando ya makorongo. Ukanda huo huzuia upepo na mmomonyoko, na huwapa ndege mahali pa kutua.

2. Anayehitaji kuni au makaa na akate matawi, aliache shina lipate kuchipuka. Asing'oe visiki.

3. Dawa ya wadudu itumiwe kwa kipimo kilichoandikwa, na pale tu inapohitajika. Mwulize afisa wa kilimo wa mahali pako kabla ya kunyunyiza.

4. Walimu wawafundishe watoto kutofautisha mdomo wa ndege alaye mbegu na mdomo wa ndege alaye wadudu. Somo hili halihitaji kitabu. Lahitaji macho, na kichaka kilicho nyuma ya shule.

5. Katika usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, taa za nje zisizo na kazi zizimwe.

6. Mtu akimwokota ndege mwenye pete mguuni, naye ndege akiwa hai, na aisome namba na maneno yaliyoandikwa, ayanakili, kisha amwachilie. Akiwa amekufa, pete na ihifadhiwe. Habari za namba, mahali, tarehe, na jinsi ndege alivyopatikana zipelekwe kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, au kwa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, wazifikishe. Namba moja ikisomwa sawasawa katika kijiji cha Mutomo au Mwatate yaweza kuonyesha kituo cha safari ambacho hakikuwa kinajulikana.

Mvua za vuli zikianza tena, msomaji aliye katika nchi ya nyika na atoke asubuhi mapema, asimame kimya karibu na kichaka kilichochipuka, asikilize. Huenda akasikia kutoka ndani ya majani wimbo wa chini kwa chini, wa haraka, usio na mpangilio: mara sauti ya ndege huyu aijuaye, mara ya yule, mara ya ndege wa mbali ambaye hajapata kumwona. Asidhani ni ndege wengi. Ni mmoja tu, naye yumo kazini, akila na kujifunza kabla ya usiku kuingia.